Ukungu Ndani ya Damu ya Truphena

Nyinyi wasichana mlioanza kazi wodini wakati mimi natoka, karatasi hizi ni zenu. Wauguzi wana vitabu vyao na daktari ana vyake. Nyinyi mnaobeba beseni na kugeuza wagonjwa hamna mtu wa kuwaandikia, kwa hivyo nimeandika mimi, na darasa langu la tatu la misheni. Msizisome mkitafuna mandazi. Sitaongea mshahara, maana haukuwa wa kuongelewa, wala vyeo. Nilipandishwa mara moja tu, kutoka ufagio mfupi mpaka ufagio mrefu.

Niliingia hospitali hiyo wakati bendera yetu bado inanuka duka. Wazungu wa mashamba walikuwa wanafunga masanduku, na Eldoret nzima ilikuwa na habari moja tu: shamba. Watu walijiunga kwa kampuni, wakanunua shamba zima la mzungu, halafu wakaligawana. Kila mtu aliongea shamba, hata wagonjwa. Mtu ametoka kupasuliwa, dawa ya usingizi haijamtoka, analala pale anaita majina ya ng'ombe ambao bado hajanunua.

Siku yangu ya kwanza nilipewa Sista Rodah. Alikuwa mwanamke wa kutoka pande za Mumias, mfupi, mnene, na akitembea wodini hata wagonjwa waliozimia walinyoosha miguu. Alinionyesha sufuria ya kuchemshia sindano. Sindano zetu zilikuwa za glasi, hazikutupwa. Tulizichemsha na kuzitumia tena, pamoja na vibano na mipira ya kutia mwilini. Nikawasha stovu, nikangoja, nikamwita.

"Sista, tayari."

"Mama Leah, umejuaje?" Leah ni kifungua mimba wangu.

"Maji yamechemka."

"Maji yakichemka ni chai. Sisi hapa hatupiki chai, tunaua. Rudi uketi hapo mpaka uchoke, na ukichoka uendelee kuketi."

Niliketi. Nimeketi mbele ya hiyo sufuria miaka yangu yote ya kazi, na sijutii. Ukiketi mbele ya sufuria, hakuna anayekutuma kwingine.

Jambo la pili alilonifundisha ni mdomo. Siku hizi mna chumba cha wagonjwa mahututi chenye mlango wake na kengele yake. Sisi tulikuwa na kona, vitanda vichache karibu na meza ya sista, na pazia ambalo panya walikuwa wameonja. Mgonjwa aliyezidiwa alisogezwa kona. Kila asubuhi mimi nilisafisha midomo ya hao wasiojiweza, kwa pamba iliyofungwa kwenye kibano.

"Mdomo ndio mlango wa nyumba," Sista Rodah aliniambia. "Ukiona kitu cheupe kwa ulimi, panguza polepole. Kikitoka bila shida, hayo ni maziwa. Kikikataa, na chini yake pawe pekundu kama kidonda, huo ni ukungu. Usianze kupigana nao. Niite."

Nilishangaa. Ukungu nilioujua mimi ni wa mahindi. Ukiweka mahindi stoo kabla hayajakauka, unafungua baadaye unakuta yamevaa blanketi. Sikujua mtu naye anaweza kuota ukungu. Nikajifunza kwamba mtu mzima mwenye nguvu anao kidogo mwilini na haumsumbui. Ni kama jirani mvivu, yupo lakini hana la kufanya. Mtu akidhoofika sana ndipo jirani anaamka. Ule wa mdomoni tuliupaka dawa ya zambarau, na kona yetu ikawa na wagonjwa wa midomo ya zambarau kama watoto waliovamia mti wa matunda. Wageni waliuliza tunawalisha nini.

Lakini ukungu wa mdomoni ni mdogo. Mkubwa niliujua kwa Truphena.

Truphena alikuwa mjane wa kutoka Cheptiret, wa umri wangu. Miaka mingi alikuwa nyapara wa wanawake wa kupalilia kwa shamba la mzungu mmoja, na mzungu alipouza, wafanyakazi na majirani waliungana wakalinunua. Truphena alikuwa mwanachama, kwa jina lake mwenyewe. Hiyo siku hizo haikuwa kawaida. Halafu kabla ya siku ya kuingia shambani, tumbo likamuuma, akasema ni minyoo, akanywa dawa za mti. Alipoletwa kwetu utumbo ulikuwa umetoboka.

Alipasuliwa. Daktari wetu alikuwa kijana mweusi, wa kwanza mimi kumwona akivaa lile koti jeupe bila kuwa amelibebea mtu mwingine, na tulijivunia mpaka tukawa tunafua hilo koti mara mbili. Alimsafisha Truphena tumbo, akamtia mpira puani, mpira wa mkojo, dripu mkononi, na dawa kali za kuua wadudu wa usaha. Joto likashuka. Akafungua macho, akaniuliza, "Mama, nyinyi hapa hamna kazi ya jembe?" Nikasema huyu amepona.

Halafu joto likarudi. Dawa ikaongezwa, joto likakaa pale pale. Akabadilishiwa dawa, likapanda. Asubuhi moja nikisafisha mdomo wake nikakuta ule weupe, ukungu umejaa ulimi mpaka kooni, hata mate hawezi kumeza. Nikamwita Sista, Sista akamwita daktari, na daktari alikuwa tayari anakuja na sindano ya kutoa damu, maana yeye pia alikuwa amelala akiufikiria huo huo.

Damu ilitiwa kwenye chupa yenye supu safi, ikawekwa mahali pa joto, kama unavyoweka maziwa yagande. Tukangoja. Siku yule fundi wa maabara aliponiita nichungulie kwa darubini yake, niliona vitu vya mviringo, kila kimoja na kitoto ubavuni, kama viazi vinavyochipua. Vizuri kabisa kutazama. Nikauliza hivyo ni vya nani. Akasema, "Hivyo vimetoka ndani ya damu ya Truphena." Nikaacha kuvisifu.

Sasa wanachama wenzake walikuwa wanakuja kumwona, karibu kampuni nzima, wamejaa kwa trela la trekta lililobaki la mzungu. Mwenyekiti wao aliitwa Mzee Barno. Alivaa koti refu la mvua aliloachiwa na huyo mzungu, mvua inyeshe isinyeshe, akitoa jasho kwa heshima. Nilikuwa nawaruhusu wanawake wawili kuingia. Siku moja walipotoka, nikageuza mto wa Truphena, nikakuta fundo la leso. Ndani ni udongo, mwekundu, bado na mzizi wa nyasi.

Nikatoka nje nao.

"Nani ameleta shamba kitandani?"

Wanawake wakatazamana viatu. Halafu mmoja akasema, "Kogo, usikasirike." Mimi nilikuwa nimeshaanza kuitwa kogo, bibi, kwa sababu Leah alikuwa amejifungua. "Siku ya kuingia, kila mwanachama alishika udongo. Yeye hakuwepo. Tulitaka ashike."

"Ana tumbo lililo wazi na mipira mitatu mwilini, na nyinyi mnamletea matope!"

"Ni udongo wake."

"Utamngoja. Udongo haujawahi kukimbia."

"Udongo haukimbii," Mzee Barno akasema, "lakini kura inakuja."

Ndipo nikaambiwa. Mashamba yalikuwa yamepimwa, na kila mwanachama alipaswa kupata lake kwa kuokota kura yenye namba, kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria waliyoapia, ili asije mtu akasema nilichaguliwa na mwingine. Asiyeweza, mwanamume wa boma lake anachukua kwa niaba yake, na shamba linaandikwa jina la aliyechukua. Kwa Truphena, mwanamume huyo alikuwa Kiprop, mdogo wa marehemu mumewe. Kiprop alikuwa amesimama hapo hapo kando ya trela, kofia mkononi, amehuzunika vizuri.

"Shemeji yangu anateseka," akasema. "Mimi nitambebea huo mzigo."

Nimeona watu wengi wakitaka kubeba mizigo. Sijaona wengi wakikimbilia mlango kuibeba.

Truphena alikuwa na wasichana watatu, hana mvulana. Hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi.

Daktari alitoka kuwaeleza, na mimi nilifikiri atawachanganya na Kizungu. Lakini yeye alikuwa mtoto wa shamba. Alisimama kwa ngazi akasema, "Wazee, mwili wa mtu ni kama hilo shamba mlilonunua. Una wakaaji wa kila aina, wabaya na wazuri. Tulipompa dawa kali, tulifukuza wote, wabaya na wazuri. Shamba likabaki wazi. Na shamba likibaki wazi, nyinyi mnajua."

"Mtu anaingia!" wakasema kwa sauti moja.

"Ameingia ukungu. Hakulipa hisa, hakuuliza mtu. Aliingia kwa damu kupitia hii mipira tuliyomtia na pale utumbo ulipotoboka."

"Na huo udongo?" yule mwanamke akauliza, karibu kulia.

"Huu ulioko kwa damu haukutoka kwa udongo wenu, mama. Ni ukungu wake mwenyewe uliopata nafasi. Lakini udongo una aina nyingine, na yeye hana nguvu ya kupigana na wageni wawili."

"Sasa mtamfukuza namna gani?" Mzee Barno akauliza.

"Kuna dawa moja. Iko Nairobi. Ni kali, inaweza kumuumiza figo. Lakini bila hiyo atakufa."

Halafu Mzee Barno akafungua vifungo vya lile koti, mara ya kwanza tukimwona akilifungua, akasema, "Ileteni."

Dawa ilikuja na garimoshi, ndani ya barafu, imefungwa karatasi nyeusi kama kitu cha aibu. Haikutaka mwanga. Sista akasema chupa ya dripu lazima ifunikwe mchana kutwa, nami nikashona mfuko kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, wenye tundu dogo la kuangalia kama inapungua. Huo mfuko nimeuacha kwa kabati la wodi. Msiutupe. Mipira ya zamani yote ilitolewa, akawekewa mipya pale ilipohitajika tu. Shikeni hilo neno: mpira usio na kazi mwilini ni mlango usio na mwenyewe.

Dawa ikaanza kudondoka polepole sana, na haikupita muda Truphena akashikwa na kutetemeka. Si kutetemeka kwa baridi mnakojua. Kitanda kilitembea. Nilimlalia miguuni, Sista akamshika mabega, tukamwekea mablanketi na chupa za maji moto, meno yanagongana kama mabati kwenye upepo. Kiprop alikuwa akichungulia dirishani.

"Mnamuua!" akapiga kelele. "Dawa inamuua! Toeni hiyo kitu!"

Sista Rodah hakugeuka. "Mama Leah, kuna inzi dirishani. Funga."

Nikafunga. Kutetemeka kukaisha, kukarudi siku iliyofuata, na nyingine. Daktari alimpa sindano kabla ya dawa, ikasaidia kidogo. Truphena alijifunza kucheka katikati yake. Alisema, "Ningekuwa na jembe mkononi sasa hivi, ningemaliza ekari."

Kazi yangu kubwa ikawa mkojo. Figo zikikataa, dawa inasimamishwa, na dawa ikisimama tunajua mwisho. Kwa hivyo kila tone nilipima kwa jagi la glasi, nikampelekea Sista. Wanachama wakapata habari hiyo. Sijui nani aliwaambia, lakini siku iliyofuata Mzee Barno alinisimamisha langoni, akavua kofia.

"Kogo, habari ya mkojo?"

"Mwingi."

Akawageukia watu wa trela. "Mwingi!"

Wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wazima, wenye shamba, wenye trekta, wanashangilia mkojo barabarani. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka akauliza nani ameoa. Ikawa desturi. Siku mkojo ukiwa mdogo nilikuwa nawaambia "wa kutosha", kwa sababu ni wa kutosha, na wao walipiga makofi madogo.

Siku ya kura ikafika na joto la Truphena lilikuwa limeanza tu kushuka. Kumpeleka Cheptiret haikuwezekana. Nilidhani yameisha. Asubuhi nikasikia trekta. Mzee Barno akaja na kofia yake kubwa mikononi, kamati yote pamoja naye, na Kiprop nyuma yao.

"Sheria inasema kwa mkono wake," Mzee Barno akasema. "Haisemi mkono huo uwe wapi. Tumeleta kura zilizobaki."

Nikaangalia ndani ya hiyo kofia. Ilikuwa imevaliwa na mzee, na baba yake, na nadhani kondoo. Ndani kulikuwa na vibati vya shaba vyenye namba, vile ambavyo mzungu alikuwa anavibana kwenye masikio ya ng'ombe wake. Alikuwa ameacha debe zima, na kamati iliona kwamba namba ni namba. Vingine bado vilikuwa na manyoya.

"Hivyo haviingii," nikasema.

"Kogo, tumetoka mbali."

"Hata vingetoka mbinguni."

Kiprop akatabasamu. "Basi kama haviingii, mimi niko hapa nje. Nichukue tu."

Hapo ndipo nilimwona vizuri. Nikamnyang'anya mzee kofia, nikamwaga vibati vyote kwenye beseni, nikasugua kwa brashi na sabuni, nikavitia kwenye ile sufuria. Sista Rodah alipita, akatazama maji, akatazama vibati vinacheza ndani.

"Mama Leah. Hizo ni sindano?"

"Ni mashamba, Sista."

Akafikiria. "Umeketi?"

"Naketi sasa hivi."

"Usiinuke mapema," akasema, akaenda zake.

Kamati nzima ilingoja kwa veranda nikichemsha ardhi yao. Maji yalipopoa niliviweka kwenye beseni la enameli lililochemshwa pia, nikafunika kwa kitambaa safi, nikanawa mikono mpaka kiwiko. Dirisha likafunguliwa ili wote waone. Wakabanana pale, Mzee Barno katikati, Kiprop pembeni. Truphena alikuwa bado anatetemeka kutokana na dawa ya siku hiyo. Nikamwosha mkono, kidole kwa kidole, nikampelekea beseni chini ya kitambaa.

Mkono ukaruka. Kibati kikateleza, akashika kingine, kikateleza.

"Mkono unaotetemeka si mkono wa kura," Kiprop akasema. "Hajui anashika nini."

Mzee Barno akanyoosha wake dirishani. Ulikuwa unatetemeka kama jani, na ndivyo ulivyokuwa miaka yote. "Na huu? Huu ndio niliochukulia kura yangu leo alfajiri, mbele yako. Utaniambia sina shamba?"

Watu wakacheka. Kiprop akaangalia chini.

Truphena hakucheka. Alifumba macho, akabana meno, akatoa kibati kimoja, akakiinua. Hakukisoma, hakujua kusoma. Mzee Barno akakisoma kwa sauti, na kukawa na mnong'ono, kwa sababu wote walijua kila namba iko wapi.

"Ni lile la mawe," Kiprop akasema. "Pale chini kwa mto. Lile la mawe!"

Truphena akafungua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini kila mtu dirishani aliisikia.

"Mawe yangu."

Mnajua vigelegele vinavyosikika wodini vinafanya nini? Wagonjwa wa kona waliokuwa hawajaongea siku nyingi waliuliza nini kimetokea. Daktari alikuja mbio akifikiri mtu amekufa. Akakuta kamati inacheza kwa veranda na Sista Rodah anawatishia na kibano, huku yeye mwenyewe anapiga mguu.

Joto lilishuka polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga. Damu ikatolewa tena, ikawekwa kwa supu, ikangojewa, ikabaki safi. Fundi wa maabara alinionyesha darubini tena, nikaona hakuna kitu, na sijawahi kufurahia kuona hakuna kitu namna hiyo. Siku Truphena alipomeza kijiko cha uji bila kukunja uso, nililia ndani ya shuka nililokuwa nakunja. Sista akasema shuka hilo lirudi kufuliwa.

Baada yake nimeona wengine. Dereva aliyeungua, mama aliyejifungua vibaya, mzee wa Elgon View ambaye alitaka kitanda chake kielekee nyumbani kwake. Wengine ukungu uliwachukua tukiwa bado tunatafuta dawa. Sitawadanganya. Lakini nyinyi mnaingia kazini na mnachojua ni kwamba mtu akiota ukungu kwa damu amekwisha. Nimewaandikia ili mjue nilimwona mmoja akipona, na nikamshika mkono. Nawaeni. Chungulieni midomo. Fukuzeni udongo, maua, na kofia za wazee. Chemsheni mpaka mchoke.

Siku Truphena aliporuhusiwa, Kiprop alikuja kumchukua ampeleke kwake. Truphena akamtazama, akamwambia, "Shemeji, beba hilo blanketi, mimi naenda kwa mawe yangu." Akalibeba. Trela lilikuwa limejaa kampuni nzima, wanaimba, na Mzee Barno akaapa kwamba hawatapita mtaa wetu wa Munyaka bila kunishusha nyumbani. Walinishusha, halafu hakuna hata mmoja aliyebaki juu ya trela. Wakaingia kwangu wote. Mume wangu akatoka nje na kikombe chake, watoto nyuma yake, wakaniangalia mimi, wakaangalia uwanja uliojaa.

Nikawaambia: "Baba Leah, shika jogoo. Leah, injika maziwa yote, usibakize ya kesho. Toeni viti vyote, na hicho cha baba yenu ni cha Truphena. Na mtu yeyote hapa asiguse chakula kabla yeye hajameza tonge la kwanza."